Funga Mlango Kwanza

Kateni kucha. Najua hamkutarajia nianzie hapo, lakini mmeniomba niwaambie habari za kazi, na kazi ya ukunga inaanzia kwenye vidole. Juzi nimekwenda kupima presha hapa Nkende, akanipokea binti mzuri, sare imenyooshwa vizuri, ila amebandika kucha ndefu zenye vimeta. Nikamwuliza, "Mwanangu, hizo ukiingia nazo leba zote zitatoka?" Akacheka. Mimi sikuwa namtania.

Naitwa Nesi Robhi. Nilikuwa muuguzi mkunga tangu usichana wangu mpaka serikali iliponiambia imetosha, nenda nyumbani ukapumzike. Nilianzia Tarime, nikapelekwa Nyamongo, nikamalizia kwenye zahanati moja upande wa Busawe, wilaya ya Serengeti. Kijiji chenyewe sikitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Ukisikia jina la shangazi yako usiniletee maneno, sisi huku majina ni machache na watu ni wengi.

Mnataka niongee kuhusu kutoa mimba, kwa sababu mmesikia niliwahi kusimamishwa mbele ya ritongo kwa jambo hilo. Ritongo, kwa nyie mliokulia mjini, ni ule mkutano wa wazee wa kwetu ambapo kijiji kizima kinakaa, mwenye kesi anasema, na wazee wanaamua. Ni kweli, nilisimamishwa. Kulikuwa na binti, nitamwita Ghati, ambaye siku ile angeweza kupoteza nyumba yake, na pengine kwenda jela, kwa neno moja la kutoka kinywani mwangu. Habari yake nitaisema. Ila nitafika kwa njia yangu, mimi nimestaafu, sina zamu ya kuwahi.

Aliyenifundisha kazi si chuo. Chuo kilinipa kofia. Aliyenifundisha ni Mama Achieng, Mjaluo wa Rorya, mrefu, na sauti yake akiwa wodini unaisikia ukiwa jikoni. Nilikuwa bado mpya kabisa pale alipoletwa msichana anatoka damu, amefuatana na mama yake, shangazi yake na majirani. Mimi, kwa bidii yangu ya kuonyesha kuwa nimesoma, nikamkazia macho mbele ya wote hao: "Umefanya nini?" Msichana akaangalia chini, akasema ameanguka kutoka juu ya punda. Mama yake akakubali upesi, ndiyo, punda. Baadaye shangazi akasema huko nyumbani kwao hakuna punda.

Mama Achieng aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akamhudumia yule msichana kimya kimya mpaka akatulia. Kisha akanivuta pembeni. "Wewe mtoto, 'umefanya nini' ni swali la polisi. Wewe ni polisi?" Nikasema hapana. "Basi uliza 'umetumia nini', na umwambie kwa nini unauliza. Akijua unauliza ili umpe dawa inayofaa atasema. Akidhani unauliza ili umhukumu atakuletea punda. Na kabla ya swali lolote, funga mlango. Mlango kwanza."

Mlango kwanza. Nimewafundisha wengi maneno hayo na wengi wameyasahau, kwa sababu zahanati zetu nyingi milango yake ina kasoro. Hiyo ya Busawe chumba cha kujifungulia kilitazamana uso kwa uso na benchi la wagonjwa. Mlango hauna kitasa, umekazwa kwa kigogo. Nilipofika tu nikawaambia kamati ya zahanati, kabla ya rangi na kabla ya bati jipya, nataka kitasa chenye ufunguo. Wakaniona mwanamke wa makuu. Nikawasimulia habari ya mkwe wangu.

Hiyo ilitokea Tarime. Baba mkwe wangu aliumwa malaria kali, akaletwa bila kujua ni zamu yangu. Nyie Wakurya mnajua, mkamwana na baba mkwe hata kupishana njiani mmoja anaingia majanini. Sasa dawa yenyewe ni sindano, na sindano zile zilikuwa za makalio. Chumba hakina mlango wala pazia. Mzee aliponiona na bomba la sindano mkononi alipata nguvu ambazo malaria ilikuwa imeshazichukua. Akapita dirishani. Tulimpata kwenye migomba, akachomwa hukohuko na mhudumu wa kiume, mimi nikiwa nimegeuka kuangalia barabara. Wajumbe wa kamati walicheka mpaka wakafuta machozi, na kitasa kikanunuliwa.

Nyamongo nayo nisiipite hivi hivi. Pale kuna mgodi, kuna wachimbaji wadogo, kuna maduka, na pikipiki kama nzi. Wasichana walikuwa wanaletwa na bodaboda, nguo zimelowa, wengine wana homa ya kutetemeka kwa sababu uchafu umeshaingia tumboni. Dawa walizouziwa hakuna anayezijua, na waliowauzia wameshafunga duka. Unamuuliza yule kijana aliyemleta, "Mura, wewe ni nani yake?" Anasema, "Mimi bodaboda tu, nesi." Keshokutwa unaletewa mwingine, na kijana wake naye ni bodaboda tu. Nikamwambia Mama Achieng kwenye simu kuwa Nyamongo yote haina wanaume, ina bodaboda tu. Alicheka, halafu akaniuliza kama glovu zinatosha.

Njia za kazi nazo zilikuwa tofauti. Zamani kusafisha kizazi ni mpaka hospitali, kwa kukwangua kwa chuma, na mama anaweza kukata roho kwenye trekta kabla hajafika. Siku hizi kuna pampu ndogo ya mkono, kuna vidonge, kuna simu ya kuita gari. Mambo yamerahisika. Lakini kusoma mgonjwa hakujabadilika. Geuza kope ya chini uone kama kuna wekundu. Shika kiganja, kikiwa cha baridi na chenye jasho wakati nje jua linawaka, acha hadithi, weka dripu upesi kabla mishipa haijajificha. Na pua yako uitumie, kuna harufu ambayo ukishakutana nayo mara moja huisahau, na maana yake ni kwamba hapo hapatibiki kwa panadol.

Haya, ugomvi wenyewe. Nimekaa semina nyingi. Kuna moja walikutana katekista wetu na mwanasheria kijana aliyetoka Mwanza. Katekista anasema mimba ni mtu, kuitoa ni kuua, na ni kweli kanisani tunafundishwa hivyo. Mwanasheria anasema kuna mikataba nchi yetu imesaini, na sheria za tangu mkoloni zinazopingana nayo, na wanawake wanakufa katikati. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mwezeshaji akaniuliza, "Sista, wewe mwenye uzoefu, unasemaje?" Nikasema mimi naomba glovu, kule kwetu zimekwisha. Walidhani nakwepa.

Sikukwepa. Mkitaka maoni yangu nitawapa, sina siri. Mimi ni mama wa kwaya, na mimba kutolewa kunaniuma. Kunaniuma pia kuona binti anafika amechelewa kwa sababu aliogopa sura yangu. Nimebeba yote mawili miaka yote na sijawahi kuyapatanisha. Lakini sijawahi kupokea mwanamke anayetoka damu ambaye alikuwa anahitaji maoni yangu.

Sheria muijue, msibabaike. Nchi yetu inakataza kutoa mimba, anayejitoa ana kesi na anayemtoa ana kesi kubwa zaidi, isipokuwa pale inapobidi kuokoa maisha ya mama. Ila hakuna sheria inayosema anayetoka damu asitibiwe. Atatibiwa, iwe ilitoka yenyewe au la. Watu huchanganya hayo mawili, na hata wenzetu wa kazi huyachanganya, anamwambia mgonjwa aende kwanza polisi akachukue karatasi, na huku damu inachuruzika mpaka kwenye kandambili.

Sasa Ghati.

Pale kijijini alikuwepo mama mmoja, Mama Wankuru, mjane, mkali, mwenye mji wake na ng'ombe zake, lakini hakuwahi kupata mtoto hata mmoja. Kwetu mwanamke wa namna hiyo anaruhusiwa na mila kuoa. Tunaita nyumba ntobhu. Anatoa mahari kama mwanamume yeyote, analeta binti, na watoto atakaozaa yule binti ni wa nyumba ya yule mama. Baba wa mtoto haulizwi jina. Binti ni mkamwana, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watu wa mbali wakisikia wanashangaa, sisi hatushangai. Nimewazalisha wengi wa nyumba ntobhu, na watoto wao wanalia kama wengine.

Ghati ndiye aliyeletwa. Binti wa miaka ishirini hivi, mkimya, mwenye mikono ya kazi. Ng'ombe za mahari yake zilikwenda kwa baba yake, na baba yake hakuzilaza hata zizini, akazitumia kumwolea kaka yake Ghati. Yule mke wa kaka tayari alikuwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo muone jinsi kamba ilivyofungwa. Ghati akirudishwa kwao kwa kosa, ng'ombe zinadaiwa, na ng'ombe zikidaiwa nyumba ya kaka yake inabomoka.

Akapata mimba. Mama Wankuru alibadilika mwanamke yule. Alikuwa anapita njiani anasalimia hata wale alionuniana nao. Alianza kukausha wimbi, ule ulezi wa uji wa mzazi, mapema mno, mimba yenyewe haijaonekana vizuri.

Mchana mmoja nasikia pikipiki imeingia uani kwa fujo. Ghati amewekwa katikati, mbele dereva, nyuma Mama Wankuru amemshikilia. Khanga yote nyekundu. Kabla hatujamlaza, mama anaongea, na benchi zima linasikia. "Nesi, huyu ameua mjukuu wangu. Muulize. Muulize mbele yangu hapa."

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Toka nje."

"Nitoke? Mimi ndiye niliyemuoa!"

"Najua. Hata waliooa wakiwa na ndevu wanakaa benchi lile."

Alitaka kunipiga na fimbo yake, na sikumlaumu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeona nyumba yake inazimwa kama kibatari. Nilimshika mabega nikamsukuma taratibu hadi nje. Nikageuza ufunguo.

Kope nyeupe. Kiganja baridi. Tukaweka dripu mikono yote miwili, mwenzangu akawa anapigia gari la hospitali ya Mugumu. Nikainama kwenye sikio lake. "Ghati, mimi naitwa Robhi. Kama umekunywa au umewekewa kitu chochote, mzizi, kidonge, chochote kile, niambie, ili nijue dawa ya kukupa na hatari ya kuikwepa. Na kama hakuna, niambie hakuna. Utakaloniambia halitoki kwenye mlango huu."

Akaniambia.

Nikafanya kilichotakiwa kufuatana na jibu lake. Gari likaja, akapelekwa Mugumu, wakamsafisha, wakamwongezea damu, akapona. Mama Wankuru hakupanda lile gari. Alibaki kwenye benchi langu, fimbo kati ya magoti, akinitazama. "Amekuambia nini?" Nikamwambia amesema ana kiu.

Ghati alipotoka hospitali kijiji kilikuwa kimeshachemka. Mmoja anasema alionekana Nyamongo mbele ya duka la dawa. Mwingine anasema kuonekana huko si ajabu, si alikuwa anapeleka maharage gulioni. Mwingine anasema ni magunia aliyobebeshwa na Mama Wankuru mwenyewe. Wazee wakaitisha ritongo kando ya josho la ng'ombe, na mtendaji wa kijiji akaja na faili lake, akisema ikithibitika alitoa, yeye analipeleka polisi siku hiyohiyo. Mimi nikaitwa kama shahidi.

Asubuhi yake mganga mfawidhi wetu, kijana mzuri, ana roho safi, akanifuata. "Sista, kwani shida iko wapi? Wewe sema ilitoka yenyewe. Neno moja tu, binti anaokoka, tunarudi kazini."

Nataka hapa mnisikilize hata kama mengine hamkusikiliza. Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni. Kama kweli ilitoka yenyewe, ningekuwa nasema ukweli na kumwokoa. Lakini je, siku ambayo atakuja mwingine ambaye siwezi kumsemea hivyo, na mimi nimesimama palepale, nimenyamaza? Kijiji kizima kitajua. Watasema, alipokuwa Ghati alisema ilitoka, kwa huyu amenyamaza, basi huyu alitoa. Kunyamaza kwangu kutakuwa kumeshakuwa jibu. Ukitaka kunyamaza kwako kumkinge mgonjwa, lazima kufanane kwa wote, kwa mwenye kosa na asiye na kosa, kwa unayempenda na usiyempenda. Nilimwambia hivyo yule kijana. Akakuna kichwa, akasema, "Lakini wakimrudisha?" Nilikwenda kwenye josho nikiogopa, msidhani niliogopa kidogo.

Wamekaa. Wazee mbele kwenye vigoda, Mzee Nyaisa ndiye mkubwa wao. Baba yake Ghati na kaka yake upande mmoja, na yule mke wa kaka na mtoto wake, anamnyonyesha. Ghati amekaa chini peke yake. Mama Wankuru upande wa pili, mwenye kesi, kwa sababu mwenye ng'ombe ndiye mwenye kesi.

Mzee Nyaisa akaniuliza kwa upole. "Nesi, wewe ni binti yetu, siyo mtu wa kuja. Tuambie. Alitoa, au ilitoka?"

"Mzee," nikasema, "damu ni damu. Haina alama ya kusema ilianzaje. Nilichokiona ni binti anayekufa, nikamzuia asife. Aliloniambia aliniambia mlango umefungwa, na bado umefungwa."

"Kwa hiyo unajua."

"Ningejua au nisingejua, mngenisikia nikisema hivihivi."

Wakaguna. Mtendaji akasimama na faili. "Wewe ni mtumishi wa serikali. Unaweza kulazimishwa."

"Hakimu akiniita nitakwenda, na tutasikia sheria inasemaje. Hapa ni josho."

Kuna waliocheka, lakini wengi walikasirika. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kuwa nalinda wauaji. Baba yake Ghati alinitazama kwa macho ambayo hadi leo nikiyakumbuka nakosa raha, kwa sababu alikuwa amenitegemea niseme ilitoka. Nikarudi kukaa. Nikaona nimemponza yule binti.

Mzee Nyaisa akasimama kufunga maneno. Alikuwa msemaji mzuri. Akasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na vidonge na simu. Akasema mimba ni damu ya ukoo, na tangu enzi za baba zetu, katika ardhi hii, hakuna mimba iliyowahi kutolewa. Kwa hiyo kama nesi hasemi, wazee watasema.

Hapo ndipo Mama Wankuru alipoinuka, taratibu, kwa kuegemea fimbo.

"Nyaisa," akasema. Hakusema Mzee. "Unasahau. Yangu mliitoa."

Lazima niwaeleze, maana wengine mmezaliwa juzi. Zamani huku kwetu msichana akipata mimba kabla ya kukeketwa ilikuwa mkosi kwa mji mzima. Wengine walifukuzwa wasirudi. Kwenye koo nyingine alitafutiwa bibi wa mizizi, mimba ikaondolewa kimya, na msimu wa kukeketwa ukifika anapelekwa na wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Ilikuwa haiitwi kuua. Ilikuwa inaitwa kusafisha mji. Watu wazima wote waliokaa pale walilijua hilo, na hakuna hata mmoja aliyelitaja.

"Baba yako ndiye aliyemleta yule bibi," Mama Wankuru akaendelea. Sauti yake haikupanda. "Wewe ulikuwa kijana mkubwa, ulishika mlango nisitoke. Nilikunywa. Nililala kwenye ngozi nikaona tumbo langu linakwenda. Sikupata mimba tena mpaka leo. Nani aliniitia ritongo? Nani aliuliza, alitoa au alitolewa?"

Yule mtoto akaacha kunyonya.

Mzee Nyaisa alikaa chini. Alishika goti lake, akasema kwa Kikurya, polepole, "Mama, sema unachotaka." Ni haki ya mwenye kesi kuulizwa hivyo: unataka ng'ombe zako, au unataka mtu wako.

"Mjukuu wangu amekwenda, namlilia," akasema. "Sijui amekwendaje, na hasira yangu bado iko. Lakini huyu hapa yuko hai. Nataka mkamwana wangu. Twende nyumbani, Ghati, ng'ombe hazijanywa maji."

Ghati aliinuka akamfuata. Basi. Kwetu mwenye kesi akisema hivyo, kesi imekwisha. Ikachinjwa mbuzi ya kuondoa mkosi, na mtendaji, baada ya kuona hana mlalamikaji, aliweka faili chini ya kiti na kusogea karibu na nyama.

Msije mkadhani kijiji kilinipigia makofi. Katekista alihubiri Jumapili mbili kuhusu wanaoficha dhambi, na mimi nimekaa hapo na kwaya, nikasubiri zamu ya kuimba. Wapo wanawake waliohamishia watoto wao kliniki ya mbali kwa kunikasirikia. Na wapo wengine waliokuja, mmoja mmoja, wakiuliza kwanza kama ule ufunguo bado unafanya kazi. Wengine hawakuwa na damu wala mimba. Walikuwa na mambo waliyoyakalia miaka na miaka. Uzazi wa mpango nilioutoa baada ya ritongo lile sikuwahi kuutoa kabla, na hiyo nayo muihesabu, maana mimba isiyoingia haitolewi.

Najua mnachosubiri. Nimewaona tangu muda ule mnatazamana. Mnasubiri niwaambie, alitoa au ilitoka? Nimestaafu, majina nimeyabadilisha, itadhuru nini? Wanangu, kama bado mnasubiri hilo, rudini mwanzo, hamjasikia.

Nitawaambia lingine ambalo nimeruhusiwa na mwenyewe. Mvua za masika zilipokwisha, Mama Wankuru alikuja zahanati, amevaa kitenge cha kanisani. Akaingia, akasubiri nifunge mlango, akapanda kitandani bila kuombwa. "Niangalie na mimi," akasema. "Nataka nijue kabla sijafa. Ni ile mizizi iliyonifunga, au Mungu tu hakunipa?"

Nikanawa mikono. Nikampima kwa utaratibu wote, kama ninavyompima msichana, na sikuharakisha. Alikuwa anatazama dari. Nilipomaliza nikamsaidia kuketi, nikamwambia ukweli. "Sijui, mama. Mwili hausemi. Hakuna daktari atakayeweza kukuambia."

Nilidhani atalia. Akafunga kitenge chake vizuri. "Kumbe hata kwangu husemi," akasema, na akacheka kidogo, na mimi nikacheka naye.

Nikamfungulia. Ghati alikuwa nje, kwenye lile benchi, anamsubiri. Alisimama, akampokea mkoba, akampa mkono washuke ngazi, wakaondoka pamoja. Hakumuuliza kitu.